Marehemu Mmoja, Sheria Mbili: Tuandike Wosia Tungali Hai



Leo sitaki kuzungumzia uchaguzi wala nani kala nini huko nyumbani. Nataka tuzungumze habari ya kifo, na hasa kile kinachobaki baada ya maziko, wakati wali wa hitma umeshaliwa na watu wameanza kutazamana. Najua mada hii haipendwi. Ukimwambia Mswahili aandike wosia anakuuliza, "Kwani unaniombea nife?" Basi naomba mnivumilie, kwa sababu haya nisemayo hayakutoka vitabuni tu, yametoka nyumbani kwetu.

Kaka yangu alifariki Leicester mwezi Januari 2024, ghafla, kwa moyo. Alikuwa Uingereza zaidi ya miaka 20. Alibeba maboksi kama tulivyobeba sote, akasoma, akapata kazi ya maana, na mwaka 2009 akachukua pasi ya Uingereza. Huku aliacha mke na watoto wawili wa kiume, na nyumba iliyoandikwa jina lake peke yake. Tanga aliacha mama yetu mzazi, na binti wa ndoa yake ya kwanza, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 19. Aliacha pia akaunti ya benki Tanga, na kiwanja Kigamboni ambacho nitakieleza mbele. Wosia hakuacha. Hata karatasi moja hakuacha.

Sasa tazameni kilichotokea. Nyumba ya Leicester, ukitoa deni la benki, ilibaki na thamani ya kama pauni 140,000. Sisi Tanga tulikaa tukapiga hesabu ya faraidh kama tulivyofundishwa: mke thumuni, mama sudusi, kinachobaki wagawane watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Kwa hesabu hiyo mke angepata pauni 17,500, mama kama 23,300, binti wa Tanga kama 19,800, na kila mtoto wa kiume kama 39,700. Shehe akasoma dua, tukainuka tukidhani kazi imekwisha.

Kumbe huku sheria inasema mengine kabisa. Katika England na Wales (Scotland wana sheria yao), mtu akifa bila wosia akaacha mke wa ndoa inayotambulika pamoja na watoto, mke anachukua vitu vya nyumbani na pauni 322,000 za mwanzo. Kiwango hicho ni cha tangu Julai 2023. Kinachozidi hapo ndicho kinachogawanywa, nusu kwa mke na nusu kwa watoto. Wazazi wa marehemu hawamo kabisa ikiwa ameacha watoto. Kwa hiyo katika pauni 140,000 za kaka, mama aliyemzaa alikuwa hana haki hata ya senti moja, na binti yake hana kitu vilevile. Si kwa sababu yuko Tanga, maana hata wale wadogo zake wa Leicester hawakupata. Chote ni cha mke.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Simu kutoka Tanga zikawa haziishi: shemeji kadhulumu, shemeji kala mali ya yatima, shemeji kajifanya Mzungu. Nasema wazi, na baadhi ya ndugu zangu watakasirika wakisoma: shemeji hakudhulumu mtu. Yeye hakuitunga sheria ya Uingereza. Na tena huyu mwanamke alilipa nusu ya deni la nyumba ile kwa miaka 12, akifanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Jina lake halikuwamo kwenye hati kwa sababu kaka aliona "hakuna haja". Je, ile hesabu yetu ya pauni 17,500 ilimtendea haki? Tulikuwa tunagawa jasho lake tukiliita mali ya marehemu.

Iko sheria ya mwaka 1975 inayompa mtoto nafasi ya kwenda mahakamani huku kudai matunzo katika mali ya mzazi wake, ikiwa mzazi alikuwa na makazi ya kudumu England au Wales. Muda wake ni miezi 6 tangu hati ya usimamizi wa mirathi kutolewa. Tuliijadili. Mama akaikataa kwa kauli moja: "Sitamshitaki mke wa mwanangu naye ana wajukuu zangu mikononi." Mwishowe shemeji mwenyewe, kwa hiari yake, alitoa pauni 12,000 kwa ajili ya masomo ya binti, na kila mwezi anamkumbuka mama. Mwenyezi Mungu amlipe. Lakini haki ya mtoto haitakiwi kutegemea moyo mzuri wa mtu. Angekuwa mwingine, tungefanyaje?

Tuje upande wa nyumbani. Ndugu walidhani ile akaunti ya Tanga ni jambo la kwenda Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo, wiki mbili kazi imekwisha. Haikuwa hivyo. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya Kiislamu au ya kimila ya mtu ambaye alipokufa alikuwa na makazi yake ndani ya eneo la mahakama hiyo. Kaka makazi yake yalikuwa Leicester. Wakili akatuelekeza Mahakama Kuu, na huko ndiko nilikojifunza jambo ambalo wengi wetu hatulijui: hati ya usimamizi iliyotolewa na mahakama ya Uingereza inaweza kupelekwa Mahakama Kuu ya Tanzania ikagongwa muhuri upya, ikatumika kule. Na ya Tanzania inaweza kuletwa huku ikafanyiwa hivyohivyo, kwa sheria ya zamani ya mwaka 1892 ambayo ingali inafanya kazi. Tungelijua hili mapema, tusingepoteza miezi 8 tukizungushwa huku kila mmoja akimtuhumu mwenziwe kwamba anaficha karatasi.

Sasa Kigamboni. Hapa ndipo mada inapoingia kwenye siasa. Kaka alinunua kile kiwanja mwaka 2013. Lakini alikwisha kuwa raia wa Uingereza, na kwa sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Tanzania unamtoka. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Kwa hiyo kaka alifanya wanachofanya wengi wetu: aliandikisha jina la ndugu, mtoto wa ami yetu, kijana tuliyekua naye nyumba moja na kula sahani moja. Hakuna mkataba, hakuna shahidi. Walikubaliana kwa simu.

Siku ya arubaini nikamuuliza yule ndugu habari ya kiwanja. Akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, kile ni changu. Marehemu alinisaidia tu fedha." Mimi ninazo risiti za fedha zilizotumwa, nimezikuta kwenye kabati la kaka, zimefungwa kwa mpira. Wakili alizitazama, akazirudisha mezani, akaniambia: "Hizi zinaonyesha alituma fedha. Hazionyeshi alizituma kwa nini. Na ukisema alinunua ardhi kwa jina la mtu kwa kuwa sheria ilimkataza, unaiomba mahakama ikusaidie kuvunja sheria." Mpaka leo pale pamejengwa fremu nne za maduka, na kodi haimfikii binti wa marehemu.

Nimekuwa nikisoma hoja za uraia pacha kwa miaka mingi, na mara nyingi tunazijenga juu ya uwekezaji na fedha tunazotuma. Mimi nadhani tumesahau hoja kubwa zaidi. Sheria inapomkataza mtu kitu ambacho moyo wake hauwezi kukiacha, hakiachi, anakifanya kwa kificho. Na kilichofanywa kwa kificho hakirithishiki. Kenya kwa Katiba ya mwaka 2010 waliruhusu uraia wa nchi mbili, na hata asiye raia anaweza kumiliki ardhi kule kwa muda usiozidi miaka 99. Tanzania, mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya kuanzisha hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine, na Sheria ya Ardhi nayo ikaguswa. Ni hatua, na tusiwe watu wa kubeza kila kitu. Lakini vile viwanja ambavyo tayari viko kwenye majina ya mashemeji, wapwa na marafiki, nani atavitoa huko? Serikali ingefikiria kuweka muda maalum wa watu kujitokeza na kusahihisha hati, pande zote mbili zikikubali, bila ya adhabu. Hiyo ingeokoa watoto wengi kuliko hotuba za mabalozi.

Hata hivyo tusijifiche nyuma ya serikali. Serikali haikumkataza kaka kuandika wosia. Serikali haikumkataza kumwambia mkewe kwamba kuna kiwanja Kigamboni. Shemeji alikisikia kwa mara ya kwanza matangani. Wala haikumkataza kumwambia mama kwamba nyumba ya huku inalipwa na watu wawili. Siri ilikuwa yetu wenyewe. Mke wa huku asijue cha kule, ndugu wa kule wasijue cha huku, na mwenye ufunguo wa siri zote ni mtu mmoja anayeendesha gari usiku kwenye barafu.

Kwa hiyo nasema hivi. Muislamu wa Uingereza anayetaka mali yake igawiwe kwa faraidh hana wa kumzuia, maana sheria ya huku inamruhusu mtu kuusia mali yake kwa amtakaye, lakini lazima aandike. Aweke sahihi mbele ya mashahidi wawili waliopo kwa pamoja, na mashahidi hao, au wake na waume zao, wasiwe wenye kupewa kitu katika wosia huo. Mwenye mali nchi mbili ni vizuri awe na wosia wa kila nchi, na awe mwangalifu wa pili usiseme "nafuta wosia zangu zote za nyuma," ukaja kuufuta wa kwanza. Ukioa au kuolewa huku, wosia wa zamani kwa kawaida unafutika; andika mwingine. Na nyinyi mliofunga ndoa ya msikitini tu hapa Uingereza bila kuiandikisha serikalini, Mahakama ya Rufani mwaka 2020 ilishikilia kwamba ndoa ya namna hiyo sheria haiitambui. Mke huyo, bila wosia, si mjane mbele ya sheria.

Tena jueni kwamba tangu Aprili 2025, aliyekaa Uingereza miaka 10 katika 20 iliyopita, kodi ya mirathi inatazama mali yake popote ilipo duniani, hata ile ya Tanga. Kuficha hakusaidii tena.

Mimi nimeandika wangu mwezi uliopita. Nilipomaliza nikampigia mama nikamsomea kwa simu, kila kitu, cha huku na cha huko, na mke wangu amekaa pembeni anasikiliza. Mama akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Akasema, "Basi kaka yako naye hakuwa anaumwa."

Nawasilisha.