BOTI NA TRENI ZIJUANE

TANGU tarehe 25 Julai, 2024, treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma, safari ya kwenda makao makuu ya nchi imekuwa nyepesi. Ndugu zetu wa Visiwani ni miongoni mwa walionufaika. Msafiri hupanda boti bandarini Malindi, Unguja, na baada ya saa mbili hivi huteremka Dar es Salaam, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Kutoka hapo hadi Stesheni si mbali, na Kariakoo iko jirani kwa mwenye haja ya sokoni. Wabunge, watumishi wa Muungano, wanafunzi na wafanyabiashara, wote hupita njia hiyo.

Hata hivyo, wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa safari hii ni pale gatini. Tiketi ya boti na tiketi ya treni ni mikataba miwili isiyojuana. Bahari ikichafuka na boti ikachelewa, mwenye boti atasema amemfikisha abiria salama, na wa reli atasema treni imeondoka kwa saa yake. Wote wawili watakuwa wamesema kweli, na hasara itabaki kwa abiria. Nauli ya daraja la kawaida hadi Dodoma, iliyotangazwa mwaka 2024, ni shilingi 31,000. Kwa mchuuzi mdogo hiyo si fedha ya kutupa.

Wako pia wasafiri ambao tiketi yao haikununuliwa kwa fedha taslimu. Mtumishi husafiri kwa hati ya serikali. Ndugu aliyeko Muscat au Dubai huenda amekusanya pointi kwa miaka kadhaa katika mpango wa Sindbad wa Oman Air, au Skywards wa Emirates, hata akapata tiketi ya kuja nyumbani. Pointi hizo humlipia ndege. Boti na treni hujilipia mwenyewe. Akiwa njiani kurudi kutoka Dodoma, treni ikichelewa akaikosa boti, na boti ikamkosesha ndege, hana wa kumdai. Tena viti vinavyotolewa kwa pointi ni vichache, na aliyekikosa leo huenda asikipate kingine mpaka likizo yake imekwisha.

Kwa maoni yetu, tiketi ni tiketi. Iwe imelipiwa kwa shilingi, kwa hati au kwa pointi, aliyeipata ameitolea jasho, naye hastahili kutazamwa kama mtu aliyepewa sadaka.

Hatuwalaumu wenye boti, wala hatulilaumu Shirika la Reli. Kasoro iko katika mpango wenyewe. Zamani mamlaka moja, SUMATRA, ilisimamia usafiri wa nchi kavu na wa majini kwa pamoja. Baadaye kazi hiyo iligawanywa. TASAC iliundwa kusimamia masuala ya meli, na mwaka 2019 LATRA ikakabidhiwa usafiri wa ardhini. Zanzibar nayo ina Mamlaka yake ya Usafiri Baharini. Kila chombo kina eneo lake, lakini mwendo ule mfupi baina ya gati na Stesheni hauna mwenyewe.

Wala hatusemi boti ziharakishwe. Taifa halijasahau Spice Islander ya Septemba 2011, wala Skagit iliyozama tarehe 18 Julai, 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Nahodha anayeona mawimbi hana budi kupunguza mwendo, au kutong'oa nanga kabisa, bila ya kushinikizwa na abiria wanaotazama saa zao. Kwa sababu hiyo hiyo, nafuu sharti itafutwe nchi kavu, katika masharti ya tiketi.

Jambo hili si geni. Hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika lake la reli ndilo lililoendesha pia meli za maziwa, nazo treni na meli zikawa chini ya paa moja. Jirani zetu wa Kenya huendesha treni ndogo kutoka stesheni ya kati ya Nairobi hadi Syokimau, kwa saa zinazofuata treni ya Mombasa. Katika Umoja wa Ulaya, kwa kanuni zilizoanza kutumika Juni 2023, abiria mwenye tiketi moja ya safari nzima anapokosa treni ya pili kwa kuchelewa kwa ya kwanza ana haki ya kuendelea na safari au kurudishiwa nauli.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, mamlaka zote zinazohusika, za Bara na za Zanzibar, zikae na Shirika la Reli na wenye boti, wapange ratiba zinazotazamana. Pili, iuzwe tiketi moja kutoka Malindi hadi Dodoma, na kurudi. Tatu, na hili lisingoje mengine, abiria mwenye uthibitisho kwamba boti yake ilichelewa aruhusiwe kupanda treni inayofuata yenye nafasi, bila ya kulipa upya na bila ya kuulizwa tiketi yake ililipiwa kwa njia gani. Boti nazo zimfanyie vivyo hivyo anayecheleweshwa na treni.

Wasafiri nao wana wajibu. Asiwepo wa kuteremka botini, akazama Kariakoo kutafuta vitenge, kisha akaidai treni kwa kumwacha.

Serikali imetumia fedha nyingi kujenga reli hii, na wananchi wanaona fahari. Kuunganisha tiketi hakuhitaji daraja wala handaki. Kunahitaji maofisa wachache wakae meza moja, na tunawaomba wakae mapema.