Mheshimiwa Hasomi Status Yako: Andika Barua, Gongesha Mhuri



Jibu hili bila kuuliza mtu: MCA wako anaitwa nani, na ofisi yake iko wapi? Kila tukikaa na vijana baada ya Ijumaa tunauliza. Jina la Gavana wanalo, la mbunge wanalo. Tukifika kwa MCA, watu wanaanza kuangaliana. Na ni vijana hao hao ambao kila wiki wanaposti "viongozi wetu wamelala".

Hatuwacheki, manake sisi wenyewe tumepita hapo. Mtaani kwetu taa za njia ya msikitini zilizimika. Dada zetu wakitoka darsa usiku wakawa wanaporwa simu. Tukamwandama mbunge kwenye ukurasa wake, komenti juu ya komenti, miezi mitatu. Siku moja akatujibu kwa emoji ya mikono miwili ya dua. Basi.

Kosa lilikuwa letu pia. Taa za barabarani ni kazi ya kaunti. Tulikuwa tunagonga mlango usio wake, tena kwa kelele.

Tukaandika barua ya ukurasa mmoja kwa MCA, nakala kwa ofisi ya wadi. Tukahesabu taa, tukapiga picha, tukaweka sahihi arobaini na tatu, zaidi ya nusu za akina mama. Muhimu zaidi, tulikwenda na nakala ya pili, ikagongwa mhuri wa kupokelewa na tarehe. Baada ya wiki tatu kimya, tulirudi na ile nakala. Haikuwezekana tena kuambiwa "hatujaona barua". Leo taa sita zinawaka. Mbili bado, na barua ya pili ishapelekwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Malalamiko ni vivyo hivyo.

Sasa tuweke mambo sawa. Siku ya kura Mkenya hupewa karatasi sita, na kila karatasi ina kazi yake:

1. MCA: wadi yako, na wadi ni 1,450 nchi nzima. Taa, takataka, maji, zahanati, chekechea, barabara za mitaani. Yeye hupitisha bajeti ya kaunti na kumbana Gavana.
2. Gavana: ndiye mtekelezaji wa hayo yote.
3. Mbunge: eneobunge lako, na ni 290. Sheria za nchi, na mambo ya serikali kuu: polisi, vitambulisho, pasipoti, shule za msingi na sekondari.
4. Mwakilishi wa Kike: kaunti nzima, naye anakaa Bunge la Kitaifa sawa na mbunge. Mbunge akikukwepa, mwendee huyu.
5. Seneta: pesa zinazotumwa kaunti, na vipi zimetumika.
6. Rais: huyu unamjua.

Jambo moja linaweza kuwa na milango miwili. Kwa ile njia yetu, taa ni za kaunti lakini wizi ni wa polisi, na polisi ni serikali kuu. Kwa hivyo barua zilitakiwa ziwe mbili.

Chukua kitambulisho, jambo linalotuuma wengi. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais alitia saini agizo la kuondoa ile vetingi ya ziada iliyokuwa ikiwasumbua watu wa kaunti za mpakani. Ukienda leo ukaulizwa tena cheti cha babu yako, usirudi nyumbani kulia kwenye grupu. Andika tarehe, ofisi, na ulichoambiwa ulete. Mpelekee mbunge wako kwa maandishi. Yeye ana nafasi ya kumuuliza Waziri bungeni, lakini hawezi kuuliza kwa "nimesikia vijana wanasumbuliwa". Anataka tarehe na mahali.

Kuwapata si kazi ngumu. Tovuti ya Bunge ina orodha ya wabunge na maseneta. Mzalendo nao wanafuatilia mbunge gani amesema nini bungeni. Ofisi ya eneobunge ni pale mnapopeleka fomu za basari. Ya MCA, uliza kwenye bunge la kaunti au ofisi ya wadi.

Barua iwe fupi: wewe ni nani na unaishi wapi, tatizo ni lipi, unataka lifanywe nini, na nambari ya kukujibu. Jambo moja kwa barua moja. Matusi yaache, yatampa sababu ya kutokujibu.

Na akinyamaza? Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, hata mtu mmoja peke yake. Bunge la kaunti nalo linapokea maombi, kupitia kwa Karani. Sheria ya maombi ya Bunge inakutaka ueleze kama ulijaribu kwanza kwa wahusika, na kama jambo halipo mahakamani. Hapo ndipo ile nakala yenye mhuri inakuwa ushahidi wako.

Angalizo moja: mtu wenu akikamatwa, usianze na barua. Nenda stesheni, uliza nambari ya OB, tafuta wakili, mpigie mbunge simu. Katiba inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, na saa hizo zinahesabika. Barua itafuata.

Uongozi ni amana, tunalisikia kila khutba. Lakini mwenye amana yake ndiye anayekwenda kuiulizia. Uchaguzi ni Agosti 2027, na wao watakuja mtaani wenyewe, na fulana na mchele. Usingoje siku hiyo.

Kazi ya wiki hii: kabla ya Ijumaa ijayo, hifadhi kwenye simu jina la MCA wako, la mbunge wako, na ofisi zao zilipo. Kisha kaeni watu watano, chagueni jambo moja, andikeni. Mkishagonga mhuri, tutumieni picha ya barua kwenye inbox, mficheni nambari za vitambulisho. Tutafuatilia pamoja, inshallah.

Wabillahi tawfiq.