Maharage bila kutifua: Mfuko wa urea unalipa au unakula faida?

Mkulima anayeacha mabua ya mahindi shambani na kupanda maharage bila kutifua udongo anaokoa hela ya trekta au vibarua. Lakini wiki chache baadaye majani yanaweza kuanza kuwa ya njano, na hapo mbio ni kwenda duka la pembejeo.

Shida inaanzia kwenye mabua. Yana naitrojeni kidogo, hivyo vijidudu vinavyoyaozesha huchukua ile iliyopo kwenye udongo. Baadaye huirudisha, ila aina nyingi za maharage hukomaa ndani ya miezi mitatu hivi. Hazina muda wa kusubiri.

Ni kweli maharage hujitengenezea naitrojeni kupitia vinundu vya mizizi. Tatizo ni kwamba vinundu vyake huchelewa kuanza kazi, na uwezo wake ni mdogo kuliko wa soya. Ukimwaga mbolea nyingi mapema, mmea unapunguza vinundu na kukupa majani mengi badala ya maganda.

Brazil, ambako wakulima wa Paraná walianza kupanda bila kutifua mwaka 1972, wengi hugawa mbolea: kidogo wakati wa kupanda, iliyobaki kabla ya maua.

Hesabu ya mfukoni

Agosti 2022, ruzuku ya Serikali ya Tanzania ilishusha mfuko wa kilo 50 wa urea hadi Sh70,000, kutoka zaidi ya Sh120,000. Mfuko huo una kilo 23 za naitrojeni.

Tuchukulie maharage yanauzwa Sh2,000 kwa kilo. Kwa bei ya ruzuku, mfuko mmoja lazima ulete kilo 35 za ziada ili tu kurudisha hela yake. Kwa Sh120,000 ni kilo 60. Usafiri na kibarua bado.

Shamba lenye njaa ya naitrojeni linaweza kuzileta kilo hizo. Lakini mfuko wa pili huongeza mavuno kidogo kuliko wa kwanza, huku bei yake ikiwa ileile. Hapo ndipo faida inapoliwa kimyakimya, hata mbolea ikiwa ya ruzuku.

Hasara nyingine ni ya hewani. Urea ikimwagwa juu ya mabua na mvua isinyeshe, sehemu yake hugeuka gesi na kupotea. Ni bora kuifukia, au kuiweka mvua ikiwa karibu.

Kabla ya kununua

Mwezi mmoja hivi baada ya kupanda, chimba mimea michache taratibu, kisha pasua vinundu. Vikiwa vyekundu au vya waridi ndani, vinafanya kazi, na huenda mfuko huo hauhitajiki. Vikiwa vyeupe au vya kijani, au havipo kabisa, huku majani yakiwa ya njano, mbolea kidogo kabla ya maua ina nafasi ya kulipa.