Picha ya Kitambulisho na Heshima ya Mtu



Tunaandika juu ya jambo ambalo wengine watasema si la chama. Watasema kazi ya chama ni mishahara, saa za kazi, nyumba na malipo ya uzeeni, na mambo ya dini yaachiwe mashehe na mapadre. Twawaomba wasome kwanza mpaka mwisho, ndipo waseme.

Mke wa mwenzetu mmoja wa gengi, upande wa Bungoma, alikwenda katika ofisi moja kupigwa picha ya kadi ya matibabu. Ofisi hatuitaji kwa jina, maana nia yetu si kumchongea mtu. Mama huyo ni Mwislamu, naye huvaa nikabu. Alipofika mbele ya kamera alikuwa tayari kufunua uso, na alisema hivyo kwa kinywa chake. Aliomba mambo mawili tu: afunue nyuma ya pazia mbele ya karani mwanamke, na mtandio wa kichwani ubaki. Karani akamwambia avue vyote hapo hapo, mbele ya mstari mrefu wa wanaume, au atoke awapishe wengine. Akatoka. Nauli imepotea, na siku ya kazi ya mumewe aliyemsindikiza imepotea. Kadi hana mpaka leo, na nyumbani ana watoto watatu.

Siku chache baadaye, Kitale, mzee wetu mmoja aliyestaafu, mtu wa kanisa la Israeli, aliambiwa atoe kilemba chake cheupe ndipo apigwe picha. Alikitoa, kwa sababu alitaka malipo yake. Alipotoka nje alikaa chini ya mti akakifunga tena polepole, wala hakutaka kusema na mtu.

Basi tazameni, ndugu. Mmoja amekataa akakosa haki yake. Wa pili amekubali akapata haki yake, lakini amerudi nyumbani na aibu. Je, haki ya mfanyakazi lazima inunuliwe kwa aibu?

Wako wanaodhani kwamba hili ni jambo la Waislamu peke yao, na kwamba sisi tuliosoma shule za misheni halituhusu. Hawajatazama vizuri watu wa kwao. Huku magharibi watu wafunikao vichwa kwa ajili ya Mungu ni wengi. Wako Waislamu wa Mumias, Bungoma na Kitale. Wako watu wa African Israel Church Nineveh, kanisa lililoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942, ambao kilemba ni alama yao. Wako Legio Maria. Wako masista wa Katoliki waliotufundisha kusoma na kuandika, ambao hatujasikia karani akiwaambia watoe kitambaa. Wako na Makalasinga, ambao baba zao walikuwa miongoni mwa waliokuja kujenga reli hii na kuendesha karakana zake. Leo akiguswa mmoja, kesho ataguswa mwingine.

Tena sisi wafanyakazi tunayo sababu ya pekee ya kuangalia mambo ya vitambulisho, kwa kuwa babu zetu waliteswa nayo. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 alichukuliwa alama za vidole, akavaa kipande shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Ndani yake mwajiri aliandika siku ya kuanza kazi, siku ya kuacha na mshahara. Aliyeacha kazi bila kipande chake kuandikwa alitafutwa na polisi. Harry Thuku alikipinga kipande hadharani, na mwezi wa Machi 1922 watu walipigwa risasi Nairobi walipokusanyika kudai afunguliwe.

Sasa sikilizeni jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilifuta kipande ikatunga sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, na wote watoe alama za vidole. Wazungu masetla wakapiga kelele. Walisema alama za vidole ni za wahalifu, nao hawawezi kuvunjiwa heshima. Serikali haikuwaambia watoke mstarini. Iliunda tume chini ya Sir Bertrand Glancy, na mwaka 1950 tume ikapendekeza kwamba mtu awezaye kujaza fomu kwa Kiingereza aruhusiwe kutoa picha na sahihi badala ya alama za vidole vyote kumi. Yaani picha, ambayo leo inamtoa machozi mama wa Bungoma, zamani ilikuwa njia ya kulinda heshima ya bwana mkubwa! Twajifunza nini? Twajifunza kwamba serikali ikitaka kutafuta njia, njia huonekana. Swali ni heshima ya nani inayotafutiwa njia.

Hata hivyo hatutaki kuandika kwa upande mmoja. Katika mkutano wa tawi, mwenzetu wa lindo la getini alisimama akasema maneno ya maana. Alisema: "Mimi nikipewa kadi yenye picha, na aliyeileta nimwone macho tu, nitajuaje kuwa ndiye? Mali ikiibwa, au mtu akichukua malipo ya mjane kwa kadi ya kuazima, nitaulizwa mimi." Huyu ni mfanyakazi kama sisi, na kazi yake ni mkate wa watoto wake. Hatuwezi kumwambia afumbe macho.

Kwa hiyo twasema wazi: uso uonekane. Picha ya kitambulisho isiyoonyesha uso haina kazi. Haimsaidii askari, haimsaidii benki, wala haimsaidii mwenye kadi mwenyewe, kwa sababu mwizi akiiokota ataitumia kama yake. Mama wa Bungoma alilijua hilo, ndiyo maana hakukataa kufunua. Kisa chake chote kilihusu mahali pa kufunua na mtu wa kumtazama.

Na kilemba na mtandio je? Hivi havifuniki uso. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, ambalo hutoa kanuni za pasi za kusafiria kwa dunia nzima, linataka uso uonekane kuanzia kidevu mpaka juu ya paji, na pande zote mbili. Kitambaa cha kichwani kwa ajili ya dini linaacha nchi ikiruhusu. Ikiwa mtu anaweza kuvuka mipaka ya dunia na kilemba katika pasi, kwa nini asiweze kupata dawa Kitale?

Wengine husema kutazama uso wa mwanamke kwa faragha ni kazi kubwa, ofisi hazina nafasi. Tukumbuke mwaka 1978, sheria ilipobadilishwa ili wanawake nao waandikishwe. Tangu siku hiyo kila ofisi ilijua kwamba wanawake watakuja. Pazia ni kipande cha nguo na misumari miwili. Makarani wanawake wapo. Tukumbuke pia mwaka 2020, wakati wa korona, tulipoamriwa sote kuvaa barakoa. Wakenya wote walifunika nyuso, wa dini zote na wasio na dini. Je, mishahara haikulipwa? Tulipofika getini tulishusha barakoa kidogo, askari akatazama kadi, akatazama uso, tukapita. Hakuna aliyetwambia tuivue na kuitupa. Lililowezekana kwa korona lawezekana kwa dini.

Nchi nyingine nazo zimepita hapa. Uingereza, mjini Wolverhampton, mwaka 1967 Kalasinga mmoja mfanyakazi wa mabasi, Tarsem Singh Sandhu, alirudi kazini na kilemba na ndevu akarudishwa nyumbani. Ugomvi ukaendelea mpaka Aprili 1969, marufuku ilipoondolewa, na mabasi yaliendelea kwenda kama kawaida. Huko Kanada, mama mmoja, Zunera Ishaq, alikuwa tayari kufunua uso mbele ya ofisa mwanamke ili atambulikane, lakini serikali ilimtaka afunue tena hadharani wakati wa kula kiapo cha uraia. Alikwenda mahakamani akashinda, na mwaka 2015 aliapa akiwa na nikabu yake. Ufaransa imeshika njia nyingine: sheria yake ya mwaka 2010 inakataza kufunika uso mahali pa watu wote. Sisi hatuna sheria kama hiyo. Tunayo Katiba ya 2010.

Na Katiba yetu, ndugu, ni afadhali kila mwanachama aijue. Kifungu cha 12 chasema raia ana haki ya kupata hati za kumtambulisha. Kifungu cha 27 chakataza ubaguzi kwa sababu ya dini, na kimetaja hata mavazi. Kifungu cha 32 chasema mtu asinyimwe kazi wala huduma kwa ajili ya imani yake. Kifungu cha 47 chasema mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi anayo haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mama wa Bungoma hakupewa maandishi yoyote. Alipewa kidole cha kumwonyesha mlango.

Wapo wasemao, tuache picha, tutumie vidole tu. Wenye kusema hivyo hawajashika sururu. Vidole vya mtu wa gengi huliwa na mpini na kokoto, kama vile vya mkata miwa huliwa na panga. Wangapi kwetu wamebonyeza kidole mara tano mashine ikakataa? Uso na kidole visaidiane, na kimoja kikishindwa kingine kiwepo.

Kwa hiyo twaomba kamati ya tawi ipeleke mambo haya kwa waajiri na kwa ofisi zote zinazowapiga picha wanachama na jamaa zao:

1. Kanuni ya picha iandikwe kwa Kiswahili na ibandikwe mlangoni, ili mtu aijue kabla ya kulipa nauli.

2. Kitambaa cha dini kisichofunika uso kisiguswe.

3. Mwanamke anayefunika uso afunue mbele ya karani mwanamke, nyuma ya pazia, na getini vilevile atazamwe na mwanamke.

4. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi siku ile ile, na mwakilishi wa chama aruhusiwe kumsindikiza.

Nasi wanachama tunayo sehemu yetu. Mama yule alipokuwa akisimama pale, katika mstari walikuwamo wafanyakazi wa reli. Wawili walicheka. Wengine walitazama chini. Hakuna aliyesema neno, na tuliokuwapo tunakiri kwamba sisi nasi tulinyamaza, kwa kuogopa kukosa nafasi zetu mstarini. Hilo linatuuma kuliko maneno ya karani. Karani ana bosi wake na haraka zake. Sisi tuna chama, na tunaitana ndugu.

Treni haichagui mataruma. Moja likioza, reli inalegea, na mabehewa yote yana hatari. Mwislamu wa Bungoma na Mwisraeli wa Kitale ni mataruma ya njia hii hii yetu.

Mwezi ujao mama huyo atarudi katika ofisi ile. Mumewe hawezi kuomba ruhusa tena bila kukatwa mshahara. Tumekubaliana kwamba wake zetu wawili watakwenda naye, mmoja wa Friends na mmoja Mkatoliki, na mwakilishi wa tawi atakuwa nao na nakala ya Katiba mkononi. Atakayeweza kuongezeka aje asubuhi mapema. Mstari huanza saa moja.

Umoja ni nguvu.

Sisi wafanyakazi wenzenu wa reli,
Kitale na Bungoma