Daftari la Serikali, Ushahidi wa Mnyonge

Kazi ya kwanza ya serikali yoyote ni kuwajua watu inaowatawala. Kabla ya kutoza kodi, kabla ya kujenga barabara, kabla hata ya kuunda polisi, serikali hufungua daftari na kuandika: fulani anakaa hapa, na fulani anakaa pale. Hapa kwetu kazi hiyo imegeuzwa juu chini. Mtu aliyeishi katika nchi hii miaka sitini, akazaa na kuzika humu humu, huambiwa alete yeye ushahidi kwamba aliishi. Ataje tarehe aliyoingia. Aonyeshe mhuri. Athibitishe kwamba tangu siku hiyo hakutoka kwenda kuwa mtu wa nchi nyingine. Akishindwa, si mwenzetu. Sisi tunasema sharti hilo ni la dhuluma, na tena ni la uvivu, kwa sababu linamtwika mnyonge kazi ambayo serikali yenyewe haikuifanya.

Tuitazame sheria yenyewe. Katiba tuliyoipata mwaka 2010, baada ya jasho na damu ya watu wengi, inasema katika kifungu cha 15 kwamba mtu aliyekaa nchini kihalali na mfululizo kwa muda usiopungua miaka 7 anaweza kuomba kusajiliwa kuwa raia. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Uraia na Uhamiaji, nayo ikawakumbuka watu wasio na uraia wa nchi yoyote. Ilisema kwamba mtu wa namna hiyo, akiwa ameishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, atahesabiwa kuwa mkazi halali, na anaweza kuomba. Iliongeza masharti mengine, mojawapo likiwa ni kujua Kiswahili au lugha ya hapa nchini. (Katika mtihani huo mzee wa Kipemba angemshinda afisa anayemhoji, lakini tuyaache hayo.)

Ni sheria iliyotungwa kwa nia njema, na walioipigania tunawashukuru. Lakini hebu tuichukue tushuke nayo hadi Shimoni au Vanga, tuisome mbele ya mzee mvuvi aliyeletwa na wazazi wake kwa jahazi akiwa mtoto. Jahazi halina tiketi. Ufuoni hapakuwa na meza ya afisa wala mhuri. Nahodha aliyewaleta amekwisha kufa, na waliowapokea pwani wamekwisha kufa. Mzee anakumbuka kwamba ulikuwa msimu wa kaskazi, basi. Leo anaulizwa: ilikuwa kabla ya tarehe 12 Desemba 1963, au baada yake?

Msomaji asidhani swali hilo ni dogo. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja kamili baada ya bendera yetu kupandishwa. Wapo waliovuka kutoka Pemba tangu miaka ya 1930 wakifuata samaki, na wapo waliovuka wakikimbia yaliyofuata mapinduzi hayo. Walikuja kwa njia ile ile, katika vyombo vya namna ile ile, wakateremka katika fuo zile zile, wengine katika nyumba za jamaa zao waliotangulia. Kwa maneno ya sheria, wa kwanza ni mkazi halali. Wa pili amechelewa kwa wiki chache. Ni nani basi, katika pwani nzima, anayeweza kuwatenganisha watu hao wawili kwa ushahidi wa kweli? Na hata akiweza, amepata faida gani kwa taifa?

Wakubwa hupenda kusema kwamba watu hawa hawakujiandikisha. Tuikumbuke historia. Serikali ya mkoloni ilijua sana kuandikisha watu ilipotaka jasho lao. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kila mwanamume Mwafrika alivishwa kipande chake shingoni, ndani ya kijaluba cha chuma, kikionyesha tajiri aliyemwajiri na siku aliyoachishwa kazi. Wamakonde walioletwa kutoka Msumbiji kukata mkonge na miwa huko Kwale na Taita hawakuingia kwa siri. Waliletwa kwa sababu mashamba yaliwahitaji. Majina yao yaliandikwa na makarani, mishahara yao ikahesabiwa, kodi yao ikakatwa. Mashamba yalipouzwa au kufungwa, madaftari yalikwenda wapi? Aliyekuwa na wajibu wa kuyatunza hakuwa mkata mkonge.

Kisha ukaja uhuru. Katiba ya 1963 ilimfanya kuwa raia moja kwa moja yule aliyezaliwa Kenya na ambaye mmoja wa wazazi wake pia alizaliwa Kenya. Wakazi wengine wengi walipewa miaka miwili, hadi Desemba 1965, waende wakajiandikishe. Wenye maduka mjini, waliokuwa na mawakili na magazeti, waliisikia habari hiyo na kuipima. Wengine wakajiandikisha, wengine wakaamua kubaki na pasipoti za Kiingereza. Lakini ni nani aliyekwenda kambini kwa wakata mkonge kuwaambia kwamba dirisha liko wazi na karibu litafungwa? Wengi walidhani uhuru waliocheza ngoma kuushangilia ulikuwa wao pia.

Sasa tufike kwenye kiini cha uonevu huu, nacho ni neno "mfululizo". Kuthibitisha kwamba ulikuwapo mahali ni kazi ngumu. Kuthibitisha kwamba hukuondoka kamwe ni karibu na muhali. Mwenye pasipoti hufungua kurasa zake, na mihuri ya kuingia na kutoka ikamsemea. Asiye na pasipoti, ambaye kunyimwa pasipoti ndiko kulikomleta mbele ya afisa, ataonyesha nini? Na mvuvi anayefuata samaki hadi maji ya Tanzania akarudi alfajiri, amesafiri au hakusafiri? Akikiri kwamba alivuka kwenda kumzika mama yake, ataambiwa, "Kumbe una kwenu." Akikana, na jirani akasema kweli, ataitwa mwongo. Mlango huu una kufuli pande zote mbili.

Sisi tulioishi chini ya chama kimoja hatuwezi kulitazama jambo hili kama shida ya makarani tu. Tunajua matumizi yake. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa wathibitishe upya kwamba ni Wakenya, wakahojiwa ukoo kwa ukoo, na waliopita wakapewa kadi ya pekee ambayo Mkenya mwingine hakuhitaji kuibeba. Miaka michache baadaye Sheikh Khalid Balala, aliyekuwa akiunguruma Mombasa kwa ajili ya chama ambacho serikali ilikataa kukisajili, alikwama Ujerumani aliponyimwa pasipoti kwa madai kwamba yeye ni raia wa Yemen; hakurudi nyumbani hadi mwaka 1997. Wanubi wa Kibra, ambao babu zao walipigana katika jeshi la Mwingereza, waliendelea kupigwa msasa na kamati za wazee kila kijana wao alipofikisha miaka 18. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imewadhulumu watoto wa Kinubi katika jambo hili la uraia. Mahali ambapo ushahidi hauna kipimo, afisa ndiye kipimo. Na afisa ana bwana wake.

Ndiyo maana hata habari njema za miaka ya karibuni hatuzipokei bila maswali. Mwezi wa Oktoba 2016 Wamakonde walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kuomba vitambulisho, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe. Desemba 2020 ikawa zamu ya Washona, ambao wazee wao walikuja kutoka Rhodesia wakieneza injili, pamoja na watu wenye asili ya Rwanda. Julai 2023 Rais Ruto akaenda Kilifi kwa ajili ya Wapemba. Tulifurahi, na tunafurahi bado. Lakini haki isiyopatikana mpaka Rais afike ni sadaka. Aliye wengi na mwenye miguu ya kutembea hadi Nairobi atasikika. Mzee wa pekee, mwenye asili ya Burundi au Kongo, asiye na jamii kubwa ya kuandamana naye, atamwona lini Rais? Sheria ile ya 2011 iliwapa watu wa namna yake miaka 5 ya kuomba, ikamruhusu waziri kuongeza mitatu. Ukihesabu, muda huo wote uliishia mwaka 2019. Ni kosa lile lile la 1965 likirudiwa: dirisha, tarehe, kufuli.

Wala tusidhani kwamba ni ujinga wa Waafrika. Uingereza, iliyotufundisha kupanga mafaili, iliwatenda vivyo hivyo watu kutoka visiwa vya Karibi walioalikwa kwenda kuijenga baada ya vita. Waliotua kabla ya mwaka 1973 walikuwa na haki ya kukaa, lakini hawakupewa hati. Kadi zao za kutua ziliteketezwa na wizara yenyewe mwaka 2010. Kisha wizara hiyo hiyo ikawa inawadai karatasi za kila mwaka walioishi huko. Wengine walifukuzwa kazi, wengine wakasafirishwa kwa nguvu, mpaka fedheha ikalipuka mwaka 2018 na serikali ikaomba radhi. Aliyechoma ushahidi ndiye aliyeudai.

Tutajibiwa kwamba mipaka ina hatari, kwamba wageni hununua vitambulisho, na kwamba ukilegeza ushahidi utawakaribisha wahalifu. Hoja hiyo tunaiheshimu, lakini imeshika mtu siye. Mghushi hana upungufu wa karatasi. Faili lake limekamilika: cheti kipo, barua ya chifu ipo, mihuri inang'aa. Anayekuja mikono mitupu, akisema "Sina kitu, waulizeni majirani," huyo ndiye aliye vigumu kumghushi. Karatasi hununuliwa katika vichochoro vya mji wowote. Kijiji kizima hakinunuliki kwa urahisi.

Kwa hiyo tunataka mambo yafuatayo yaingie katika sheria, si katika hotuba. Mzigo wa ushahidi uwe wa pande mbili, kama mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2014 kuhusu wasio na uraia unavyoelekeza: mwombaji aseme yote anayoyajua, na serikali nayo ifungue kabati zake, itafute orodha za kodi, za hospitali, za shule na za mashamba, na iseme ilichokikuta. Isipokikuta, ukimya wa kabati usihesabiwe kuwa hatia ya mwombaji. Ushahidi wa mdomo wa majirani, wa mwalimu aliyemfundisha mtoto, wa imamu au mchungaji aliyefungisha ndoa, upewe uzito wake. Kutoka kwa siku chache kwenda mazishini au baharini kusikate mfululizo wa miaka. Mlango wa maombi usiwe na tarehe ya kufungwa. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, ili aweze kwenda mahakamani nayo. Na ile tarehe ya 12 Desemba 1963 ibaki siku ya kusherehekea. Isitumike kuwapepeta wazee.

Hatuombi jambo geni. Kila eneo lina chifu na naibu wake, na kila kijiji kina mzee wake. Hao ndio wanaowaita watu hawa barazani, wanaojua nani amefiwa na nani amegombana na nani. Kazi ianzie hapo. Chifu aketishwe yeye kwanza mbele ya afisa, aapishwe, aulizwe: mtu huyu umemjua tangu lini? Jibu lake liandikwe, litiwe sahihi na mhuri, na nakala apewe mwombaji siku hiyo hiyo.