Vibati Vilivyosahauliwa Mtini



Hapa Unguja tunayo miti ya mpira, kama ile ya Kichwele na Selem. Mgemaji hukata gome kwa kisu, kisha hupigilia kibati kidogo. Utomvu hupita juu ya kibati na kuingia kikombeni. Kikombe hufungwa kwa waya.

Mti ukizeeka, haugemwi tena. Lakini mara nyingi kibati na waya huachwa. Mti huzidi kunenepa. Gome hukimeza kibati, na waya huukaba mti.

Tufanye nini? Waya ikate mapema. Kibati kilicholegea king'oe kwa koleo. Kilichomezwa na gome usikichimbue. Chini ya gome ipo ngozi laini inayonenepesha mti. Ukiikata unafanya donda, na mti huanza kuoza. Kiache, upake rangi mahali pale. Rangi ikififia, paka tena.

Mpira hutoa mbao za viti na meza. Msumeno ukigonga chuma, meno huvunjika. Kipande kinaweza kumpofua mpasuaji. Basi mwonyeshe alama kabla hajaanza kazi.

Mwembe wenye msumari ni vivyo hivyo.