Kuilinda Mikusanyiko ya Voi Dhidi ya Droni

Droni, ile ndege ndogo inayorushwa na mtu aliyesimama chini akishika kidhibiti, si kioja tena Taita Taveta. Hupiga picha za harusi na huonyesha ukubwa wa umati kwenye mikutano ya siasa. Chombo hicho hicho kikifungwa kilipuzi huwa silaha. Mei 2025 droni ziliushambulia mji wa Port Sudan siku kadhaa mfululizo, zikachoma maghala ya mafuta na kuupiga uwanja wa ndege, katika mji ambao maelfu walikuwa wameukimbilia kutafuta usalama. Septemba mwaka huo msikiti mmoja wa El Fasher, pia nchini Sudan, ulipigwa waumini wakiwa katika swala ya alfajiri. Waliokufa walizidi 70. Hizo za Sudan ni droni za vita, lakini Mosul, nchini Iraki, wapiganaji waliangusha mabomu madogo kwa droni za kununuliwa dukani tayari mwaka 2017. Na wakati mwingine bomu halihitajiki. Desemba 2018 uwanja wa Gatwick, Uingereza, ulifungwa zaidi ya siku nzima kwa taarifa za droni kuonekana, safari za ndege zipatazo 1,000 zikavurugika, na mrushaji hakupatikana.

Voi ni njia panda. Barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, reli ya zamani, reli ya kisasa ya SGR na barabara ya kwenda Mwatate na Taveta zote hukutana hapo. Stendi ikijaa jioni, abiria hukodolea macho mizigo yao, makanga wanaita, wachuuzi wanakimbilia madirisha ya mabasi. Juu hakuna anayetazama. Umuhimu huu wa Voi uliwahi kuuletea mji mashaka. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakiwa wameishika Taveta, doria zao zilivuka nyika isiyo na maji kuja kulipua reli ya Waingereza.

Ulinzi wa kwanza ni kujua droni ni ya nani. Kanuni za mwaka 2020 zinamtaka mwenye droni aisajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, asiipandishe zaidi ya futi 400, yaani kama mita 120, na asiirushe karibu na watu au majengo yasiyomhusu bila idhini. Ndani ya hifadhi ya Tsavo, ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nayo inahitajika. Kanuni hizi hazina nguvu ikiwa anayemkodi mpiga picha haulizi hati. Kwa hiyo kamati za harusi, wachungaji, maimamu, wasimamizi wa mechi za Uwanja wa Moi na waandaaji wa mikutano ya siasa na waulize kabla ya kulipa malipo ya awali, kisha watangaze kwenye kipaza sauti kwamba kuna droni, ni moja, na mrushaji amesimama pale. Tangazo hilo halichukui hata dakika moja. Ikitokea ya pili, kila mtu atajua kwamba haikualikwa.

Mabaraza ya machifu na vikundi vya Nyumba Kumi ndipo mahali pa kulifundisha jambo hili, pamoja na hatari ya upande wa pili, yaani shuku. Kasigau inaikumbuka. Mwaka huo huo wa 1915 Waingereza waliwatuhumu wakazi wake kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakachoma vijiji vyao na kuwahamishia Malindi, ambako wengi walikufa. Jamii nzima iliadhibiwa kwa tuhuma. Kinachoripotiwa leo basi kiwe kile kilichoonekana: mahali, saa, upande droni ilikotokea na ilikoelekea, na kama ilining'iniza kitu. Kabila, dini au ugeni wa mtu si ushahidi, na kijana aliyekutwa na droni hapigwi, anapelekwa polisi.

Droni isiyoeleweka ikizunguka juu ya umati, watu watawanyike bila kukanyagana, waingie chini ya paa imara au ndani ya jengo, mbali na vioo. Simu ipigwe 999 au 112. Kuirushia mawe ni kosa, maana ikianguka inaangukia watu, na betri yake ya lithiamu huwaka moto usiozimika kirahisi. Kuvuruga mawimbi yake ni kazi ya vyombo vya dola.

Droni iliyoanguka ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa watoto huikimbilia na wakubwa hutaka picha. Isiguswe, isifunikwe, isisogezwe. Wazee wa mtaa wawaondoe watu, wafunge njia pande zote na kungoja wataalamu wa mabomu, hata kama soko litachelewa kufunguliwa.